Yeftha: Mungu ndiye aliyemchagua, au ni wazee wa Gileadi waliobanwa na vita?

#1 Mzee wa Kigoda
Wakuu, salaam.

Jumapili mhubiri wetu katoka na Yeftha, Waamuzi 11. Mwana wa kahaba, ndugu zake wa baba mmoja wakamfukuza asije akarithi pamoja nao, akakimbilia nchi ya Tobu, akaishi huko na kundi la watu wasio na mbele wala nyuma. Waamoni walipoleta vita, wazee wa Gileadi wakamfuata. Mhubiri akapiga mimbari: "Mungu alimchagua aliyekataliwa!" Kanisa likalipuka. Wa kulia wakalia, na kapu la sadaka likazungushwa papo hapo kabla machozi hayajakauka.

Nimerudi nyumbani nikasoma sura ya 10 mpaka ya 12 polepole. Hakuna mahali Mungu anamchagua Yeftha. Gideoni alitokewa na malaika. Samsoni, malaika alianza na mama yake kabla mtoto hajazaliwa. Baraka aliitwa kwa kinywa cha Debora nabii. Yeftha je? Mwisho wa sura ya 10 wakuu wa Gileadi wanaulizana wao kwa wao ni nani ataanza kupigana na Waamoni, huyo ndiye atakuwa kichwa chetu. Hakuna aliyemuuliza Mungu. Walikwenda Tobu kutafuta upanga.

Hoja yangu ni kwamba tunampa Mungu sifa ya uamuzi ambao wazee waliufanya kwa hofu. Mnaonaje? Na tafadhali msinijie na "amen" tupu.

#2 Kapeto
Amen.

#3 Dereva wa Noah
Hahaha #2 una roho mbaya. Naweka kambi hapa, wataalamu waje.

#4 Katekista wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo.

Mleta mada umesoma vizuri lakini umeishia njiani. 11:29, Roho ya BWANA ikamjilia Yeftha. Halafu fungua 1 Samweli 12:11. Samweli anawaambia watu kinaga ubaga kwamba BWANA aliwatuma Yerubaali (ndiye Gideoni), na Bedani, na Yeftha, akawaokoa. Aliwatuma! Kwa hiyo mhubiri wako neno lake lina msingi, ila alilisomea sura nyingine.

#5 Mzee wa Kigoda
Katekista, asante. 1 Samweli 12 naijua. Lakini Samweli anasimulia akiangalia nyuma, mambo yakiwa yameshaisha. Ni sawa na mtu anayekwambia "Mungu alinikutanisha na mke wangu pale stendi" wakati siku yenyewe alikuwa anahangaika na basi la Singida. Roho nayo inakuja aya ya 29, Yeftha ameshakula kiapo Mispa aya ya 11. Ameshateuliwa, ndipo Roho ikaja. Mpangilio huo haukusumbui?

#6 Katekista wa Kigango
Haunisumbui. Mungu anaweza kupitia mkono wa wazee waoga vilevile anavyopitia kinywa cha nabii. Wewe unataka malaika kila mahali.

#7 Bibi Harusi Mstaafu
Mnabishana nani alimchagua Yeftha, mimi nauliza nani alimfukuza na kwa kosa gani.

Aliyekwenda kwa kahaba ni Gileadi, baba mtu. Soma uone kama Gileadi alifukuzwa. Wala hakukemewa. Alirudi kwa mkewe, akazaa wana halali, akawa na nyumba na mashamba. Aliyebeba mzigo ni mtoto, na yule mama ambaye hata jina hakupewa. Halafu mhubiri anasimama kusema Mungu hutumia watu "wenye kasoro". Kasoro ya Yeftha ilikuwa ipi hapo? Kuzaliwa?

Tutenganishe mambo mawili. Kuna mtu mwenye kosa na kuna mtu aliyekataliwa. Mahubiri yetu yanawachanganya chungu kimoja, na aliyekataliwa anajikuta anaombewa toba ya dhambi ya baba yake.

#8 Dereva wa Noah
Mama #7 umegonga penyewe.

#9 Mtoto wa Nje
Jina langu humu linaeleza, kwa hiyo nitafupisha.

Mzee alipofariki, kikao cha ukoo kilikaa bila mimi. Nikaambiwa nilikuja na begi la mama na nitaondoka nalo. Sikupigana, nikaenda mjini, nikajifunza useremala, Mungu akasaidia. Miaka ikapita. Siku moja simu ikaingia, kaka mkubwa, sauti tamu kama asali: mama yao mgonjwa, hospitali wanataka hela, "wewe ni mtoto wa mzee pia". Aya ya 7 ile ilinijia yote kichwani, hamkunichukia ninyi na kunifukuza katika nyumba ya baba yangu, mbona mnanijia sasa mkiwa taabuni? Nilitaka kuisoma neno kwa neno kwenye simu.

Nilituma hela. Sijui kama ni Mungu alinitumia au ni wao walinitumia. Naomba mnisaidie hapo, kwa sababu watu kanisani wananiambia "Yusufu wetu" na mimi sijisikii Yusufu hata kidogo.

#10 Wakili wa Mtaa
Pole mkuu #9. Nje ya mada kidogo: aya ya 7 Yeftha anawalaumu wazee, wakati aya ya 2 waliomfukuza ni ndugu zake. Maana yake suala la urithi lilipitishwa langoni mbele ya wazee, au walau walilijua wakanyamaza. Ile ilikuwa hukumu, si ugomvi wa ndani tu. Na kwa wenye kesi kama ya #9 hapa Tanzania, mila nyingi za upande wa baba zilimnyima urithi mtoto wa nje, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Nendeni mahakamani mapema, msisubiri Waamoni.

#11 Torati Kavu
Mnakwepa andiko gumu. Kumbukumbu la Torati 23:2, mwana wa haramu asiingie katika mkutano wa BWANA hata kizazi cha kumi. Imeandikwa. Kwa hiyo waliomfukuza walikuwa na sheria mkononi.

#12 Mpenda Nasaba
@Torati Kavu hesabu basi vizuri. Peresi alizaliwa na Yuda kwa mkwewe Tamari, Mwanzo 38. Hiyo ni haramu kwa kipimo chochote. Sasa fungua mwisho wa kitabu cha Ruthu: Peresi, Hesroni, Ramu, Aminadabu, Nashoni, Salmoni, Boazi, Obedi, Yese, Daudi. Hesabu vidole vyako vyote vya mikono. Daudi ndiye wa kumi. Mungu alisubiri mlango ufunguke ndipo akamleta mfalme. Hapo ndipo ninapoona kazi yake.

#13 Torati Kavu
"Hata kizazi cha kumi" maana yake wa kumi naye bado hayumo. Kwa hesabu yako Daudi yuko nje ya mlango ameshika kinubi.

#14 Kapeto
🤣🤣 Daudi mlangoni na kinubi. Nimecheka mpaka abiria wenzangu wameniangalia.

#15 Mpenda Nasaba
Torati Kavu, wengine wanahesabu kuanzia mtoto wa Peresi, wengine kuanzia Peresi mwenyewe. Isitoshe marabi wa Kiyahudi wanaielekeza sheria ile kwa mtoto wa muungano uliokatazwa, kama wa maharimu au wa mke wa mtu. Mtoto wa mwanamke asiyeolewa hayumo. Kwa kipimo hicho Yeftha hakuguswa na 23:2 kabisa, ndugu zake walitumia dini kulinda shamba. Kama ilivyo ada.

#16 Sina Upande
Mimi siamini lakini nasoma. Swali moja tu na sijawahi kujibiwa.

Ibrahimu alinyoosha kisu, sauti ikatoka mbinguni ikamzuia. Yeftha aliweka nadhiri kwamba chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Akatoka binti yake wa pekee, na matari na kucheza. Safari hii hakuna sauti, hakuna kondoo kichakani. Roho ilikuwa imemjilia aya ya 29, nadhiri ni aya ya 30. Kama Mungu alikuwa "anamtumia", mbona hakumsemesha neno moja tu? Au mtoto wa kike wa mtoto wa kahaba hakustahili malaika?

#17 Mtumishi Asiye na Gari
Shalom. Wapo wafasiri, rabi David Kimhi wa zama za kati mmojawapo, wanaosema binti hakuchinjwa, aliwekwa wakfu akaishi pasipo kuolewa. Ndiyo maana aliomba miezi miwili akaulilie ubikira wake milimani na si uhai wake, na aya ya 39 inamalizia kwamba hakumjua mume.

#18 Sina Upande
Aya hiyohiyo ya 39 inasema baba yake alimtendea sawasawa na nadhiri aliyoweka. Nadhiri ilikuwa kuteketeza. Unachagua nusu ya aya.

#19 Mtumishi Asiye na Gari
Na Torati, Kumbukumbu 12:31, inasema kuteketeza wana na binti ni chukizo kwa Mungu. Kwa hiyo kama aliteketeza, hakumtii Mungu, alifuata desturi za majirani. Mtu aliyefukuzwa kwao akaishi porini na wahuni angejulia wapi Torati? Hili nalo ni zao la kumfukuza mtu.

#20 Bibi Harusi Mstaafu
Hapo umesema kweli ila nusu. Aya za 12 mpaka 27 Yeftha anatuma wajumbe kumweleza mfalme wa Waamoni historia ya Israeli kutoka Misri hadi Heshboni, mpaka anataja miaka 300 ambayo wamekaa pale. Huyo si mbumbumbu. Historia aliijua, na mazungumzo aliyaanza kabla ya vita. Aliloshindwa ni kuamini kwamba Mungu atampa ushindi bure. Mtu aliyekataliwa na baba huwa anadhani kila kitu lazima akilipie. Alilipa kwa mtoto wa mwenzake, maana mtoto ana mama pia, na huyo mama hatajwi.

#21 Abuu Nasri
Assalaam alaikum wanajamvi. Mimi Muislamu, nafuatilia kimya. Kwetu Yeftha hatajwi ndani ya Qur'an, na manabii tunaamini wamehifadhiwa na madhambi makubwa, kwa hiyo hata habari za Daudi na mke wa jirani hatuzipokei hivyo. Ninyi mmechagua njia ngumu: watu wenu wakuu wameandikwa na aibu zao. Nauliza kwa heshima, haiwafanyi vijana wenu kuona dhambi ni jambo jepesi?

#22 Mtumishi Asiye na Gari
Wa alaikum salaam ndugu. Swali lako ni la maana kuliko mengi humu. Jibu langu: inategemea nani anayesimulia, na anayesimulia yuko chini au yuko juu.

#23 Sauti ya Kwanza
Samahani naingia na langu.

Nilikuwa kiongozi wa kwaya. Nikapata mimba kabla ya ndoa. Nikasomwa jina mbele ya usharika, nikatengwa, nikakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana naiangalia kwa mbali. Mwenzangu tuliyefanya naye alikuwa usharika wa jirani, huko hakusomwa. Mtoto alibatizwa baada ya kurudi kundini, ibada ya kwanza ile ya alfajiri, watu wachache.

Yalipokaribia mashindano ya kwaya ya jimbo, wazee wa kanisa watatu wakaja nyumbani na mchele kilo tano na sukari. Sauti ya kwanza hakuna wa kuisimamia. Mama yangu akawaambia, "Mwanangu ameshatubu au mmeshakosa mwimbaji?" Wakanyamaza. Nilirudi. Tulishika nafasi ya pili. Mpaka leo watu wakitoa ushuhuda kwamba Mungu huinua waliodharauliwa wananitazama mimi. Ninaimba kwa sababu napenda kuimba. Mungu ananitumia, sawa, lakini sijui kwa nini lazima wazee wawe wamepata faida ndipo tuseme ni Mungu.

#24 Dereva wa Noah
Mchele kilo tano! Yeftha alidai kuwa kichwa cha Gileadi yote. Dada ulijiuza rahisi.

#25 Sauti ya Kwanza
@Dereva wa Noah mchele ulikuwa wa Kyela, usidharau.

#26 Katekista wa Kigango
Pole dada #23. Na sisi Wakatoliki tusijifanye wasafi. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimzuia aliyezaliwa nje ya ndoa kupewa daraja la upadri mpaka apate ruhusa maalumu. Sheria mpya ya 1983 ikaacha kizuizi hicho. Lakini kumbukeni Martin de Porres, wa Lima kule Peru, aliyezaliwa 1579. Baba Mhispania, mama mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa akapata uhuru, ndoa hakuna. Sheria za wakati ule hazikuruhusu mtu wa damu yake kuwa mtawa kamili, akaingia konventi ya Wadominikani kama mtumishi, akafagia, akanyoa watu, akauguza wagonjwa. Baadaye wakamruhusu kuweka nadhiri za bruda. Ametangazwa mtakatifu 1962. Kuna parokia ngapi zenye jina lake hapa kwetu? Aliyekatazwa mlango amekuwa jina la mlango.

#27 Sina Upande
1579 mpaka 1962. Taratibu mno.

#28 Kijana wa Uamsho
Bwana Yesu asifiwe. Wapendwa mnazunguka sana. 1 Wakorintho 1:27-29: Mungu aliyachagua manyonge na yanayodharauliwa ili mwenye mwili awaye yote asijisifu mbele zake. Basi. Mfano ni John Newton, nahodha wa meli za watumwa. Mwaka 1748 dhoruba ikampiga baharini, akamlilia Mungu, akaacha biashara ile siku hiyohiyo, akawa mchungaji na mtunzi wa nyimbo.

#29 Mpenda Nasaba
Kijana, hapo kwa Newton rekebisha. Dhoruba ni 1748 kweli, lakini unahodha wa meli za watumwa aliushika BAADA ya hapo. Aliendesha meli hizo akiwa anasali na kusoma Biblia, watu wako chini kwenye minyororo. Aliacha bahari 1754, na kilichomtoa ni ugonjwa, dhamiri bado ilikuwa imelala. Alipewa uchungaji 1764. Kijitabu chake cha kuilaani biashara ile kilitoka 1788. Piga hesabu mwenyewe: miaka 40 tangu dhoruba. Kama Mungu alimtumia, alimtumia na ubovu wake ukiwa mzima, na waliolipa gharama ni babu zetu wa upande wa Magharibi.

#30 Kijana wa Uamsho
Asante kwa rekebisho. Lakini neema haikushindwa mwishowe.

#31 Mtaa wa Pili
Mimi ningependa turudi sura ya 10, kuna kitu hamjakigusa na ndicho kilichonifanya nimpende Yeftha.

10:10 Waisraeli wanamlilia Mungu kwa sababu Waamoni wamewabana. Mungu anawajibu: mliniacha mkaitumikia miungu mingine, nendeni mkaililie hiyo mliyoichagua, iwaokoe. Wakaondoa miungu migeni. Na aya ya 16 inasema nafsi yake ilihuzunika kwa ajili ya taabu ya Israeli.

Sasa weka sura ya 11 pembeni yake. Wazee wamemtupa mtu, shida imekuja, wanamrudia, naye anawauliza mbona mnanijia sasa. Ni mazungumzo yaleyale! Mwandishi ameyaweka bega kwa bega. Yeftha anasimama mahali pa Mungu mwenyewe. Aliyekataliwa kwanza katika habari hii ni Mungu. Halafu Zaburi 118, jiwe walilolikataa waashi. Halafu Isaya 53, alidharauliwa na kukataliwa na watu. Ndiyo maana kwangu mimi suala si Mungu "kuwatumia" waliokataliwa kama mtu anayeokota vyuma chakavu. Yuko upande wao kwa sababu anajua kukataliwa kulivyo.

#32 Mzee wa Kigoda
Mtaa wa Pili, hii ya sura ya 10 na 11 ni nzito. Inanipa kazi. Lakini bado angalia tofauti: Mungu alikuwa akihuzunika kwa taabu yao, Yeftha alikuwa akipatana cheo. Mmoja aliwahurumia, mwingine aliwaandikia masharti.

#33 Mtoto wa Nje
Mzee, ukiwa hujawahi kufukuzwa utaona masharti. Aliyefukuzwa huwa anataka kiapo mbele ya mashahidi kwa sababu maneno matupu ameshayasikia. Mimi nilituma hela na risiti nikaitunza.

#34 Shabiki wa Kweli
Hii ya kumtema mtu halafu kumlilia naifahamu. Kuna timu moja ya Kariakoo ilimuacha mchezaji akaenda kwa watani, mechi ya marudiano akawafunga. Sitaji jina, wenyewe mnajijua.

#35 Kapeto
Watani wote wawili wako Kariakoo mkuu, umetukana nani sasa?

#36 Mwana wa Ujiji
Turudi kwenye mada kabla mod hajafunga. Newton mmemtaja, mimi nawaletea Sechele, chifu wa Bakwena, Botswana ya leo. Mmisionari Livingstone, huyuhuyu aliyekutwa na Stanley hapa kwetu Ujiji 1871, alimbatiza Oktoba 1848. Sechele alikuwa na wake watano, ilimbidi awarudishe wanne kwao. Haikupita muda, mmoja wa wale walioachwa akaonekana mjamzito, na mimba ni ya chifu. Livingstone akamtenga na meza ya Bwana, na baadaye akaenda zake safari za mbali.

Sechele hakuacha. Aliendelea kusoma Biblia, kufundisha watu wake, kuongoza ibada mwenyewe. Sifa za misheni alizibeba mzungu, kazi ya kila siku aliifanya mtu aliyetengwa.

#37 Bibi Harusi Mstaafu
Na wale wanawake wanne waliorudishwa kwao? Wana watoto, wameachwa kwa jina la Yesu. Nani alisimulia habari zao? Naona kila mfano mnaoleta kuna mwanaume mwenye jina na mwanamke asiye nalo. Hata Augustine. Aliishi na mwanamke miaka mingi bila ndoa, akazaa naye Adeodatus, kisha mama akarudishwa Afrika peke yake. Pasaka ya 387 baba na mwana wakabatizwa pamoja Milano na Ambrose. Mtoto wa nje kabatizwa hadharani na askofu mkubwa, hongera zao. Mama yake, Augustine aliandika kwamba moyo ulimvuja damu kutenganishwa naye, lakini jina lake hakuliandika.

#38 Katekista wa Kigango
Augustine huyo ndiye anayenisaidia mimi. Mateso ya Diocletian yalianza 303, viongozi wengine wakasalimisha Maandiko yachomwe. Mateso yalipoisha, Karthago, Tunisia ya leo, watu wakagoma: askofu aliyewekewa mikono na msaliti si askofu. Wakajitenga, ndio Wadonati. Mtaguso wa Arles wa 314 ukawakatalia, na Augustine miaka mingi baadaye akaieleza hoja: abatize Petro au abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. Sakramenti haibebwi na usafi wa padri. Hilo linamlinda muumini, asiwe na wasiwasi kila siku kuhusu maisha ya aliyembatiza.

#39 Nimekimbia Mbio
Katekista, samahani, hoja hiyo nimeisikia kutoka kwa mtu mwingine na si kwa maana yako.

Kiongozi wetu alifanya mambo na mabinti wa maombi. Sitaandika zaidi. Alipobanwa akahubiri Daudi. "Mungu humtumia mtu mwenye udhaifu." "Msiwaguse masihi wangu." Na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, na nilikuwa mmoja wa wale mabinti.

Kwa hiyo mkisema Mungu huwatumia wenye kasoro, muwe mnasema ni kasoro gani. Yeftha kuzaliwa na kahaba ni jambo moja. Mtu kula watu ni jingine.

#40 Mtumishi Asiye na Gari
Dada pole sana. Hiyo ni jinai, na polisi wana dawati la jinsia, ukihitaji mtu wa kukusindikiza niandikie pembeni.

Kuhusu Daudi, wanaomhubiri hivyo huruka 2 Samweli 12. Nabii Nathani alimwambia wewe ndiwe mtu huyo, na upanga haukuondoka nyumbani mwake. Na Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu, aliwaandika Tamari, Rahabu na Ruthu kwa majina. Alipofika kwa Sulemani akaandika kwamba Daudi alimzaa kwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Uria aliuawa ili asahaulike, na Mathayo amemweka kwenye ukoo wa Masihi.

#41 Bibi Harusi Mstaafu
#39 mwanangu, nimekutumia ujumbe. Na Mtumishi, hata hapo Bathsheba, huyo mke wa Uria, hakuandikwa jina. Naendelea kuhesabu.

#42 Torati Kavu
Mimi nasimamia nilipoanzia: mnampamba Yeftha. Soma sura ya 12. Waefraimu walikuja na maneno ya kashfa, wakaitukana Gileadi kuwa ni watoro. Efraimu haohao walimjia Gideoni kwa hasira katika sura ya 8, naye akawatuliza kwa maneno laini. Yeftha aliwapiga, halafu Wagileadi wakashika vivuko vya Yordani, kila aliyeshindwa kutamka neno "shibolethi" kama wao akajulikana ni Mwefraimu, akachinjwa. Watu 42,000. Ndugu zake Waisraeli! Aliyefukuzwa kwa asili yake akaja kusimamia vivuko vya kuwachinja watu kwa matamshi yao. Akaamua miaka 6, akafa.

#43 Mtoto wa Nje
Hii ya vivuko inaniogopesha kuliko ya binti. Kwa sababu naielewa. Kuna siku neno "mtoro" tu lingenitosha.

#44 Mtaa wa Pili
Kitabu chenyewe cha Waamuzi kinateremka ngazi: Ehudi, Debora, Gideoni, Yeftha, Samsoni, kila mmoja mbovu kuliko aliyemtangulia, mpaka 21:25 kila mtu akafanya yaliyo mema machoni pake mwenyewe. Huenda mwandishi hakutaka tumuige Yeftha kabisa. Alikuwa anatuonyesha Mungu anavyobaki na watu wake hata vyombo vikiwa vimeisha.

#45 Sina Upande
Maelezo ya tano haya: kuzuia majivuno, huruma ya aliyekataliwa, wazee waoga, ngazi ya kushuka, na sakramenti isiyotegemea mtu. Yote hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

#46 Katekista wa Kigango
Kwa nini yasiweze?

#47 Mzee wa Kigoda
Nina swali la nyongeza. Waebrania 11:31 Rahabu ametajwa na kazi yake, "yule kahaba", baada ya karne zote zile. Aya inayofuata Yeftha katajwa jina tupu: mama hayumo, binti hayumo, vivuko havimo. Mwandishi mmoja, aya mbili zinazofuatana. Kwa nini mmoja ameachiwa jina la aibu na mwingine amesafishwa?

#48 Bibi Harusi Mstaafu
Jibu unalo mzee, unaogopa kuliandika.

#49 Mpenda Nasaba
Sikubali. Rahabu kabakiziwa ili Mataifa waone mlango ulifunguliwa kwa nani. Na Samsoni naye katajwa jina tupu, na mambo yake mnayajua. Daudi vilevile.

#50 Bibi Harusi Mstaafu
Wote wanaume hao. Endelea.

#51 Kapeto
Mod usifunge, bado nasoma ukurasa wa kwanza.